Aliyefukiza Udi Osaka

Kila Ijumaa baada ya sala tunakusanyika kwa mama, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos hapa Maskati, na kila Ijumaa, wali ukishaliwa na kahawa ikishamiminwa, kaka yangu hufuta mikono, hujiegemeza kwenye mto na kuanza: "Nilipompeleka huyu Japani..."

Huyu ni mimi. Niko pale pale kwenye mkeka, natafuna tende, na yeye ananinyooshea kidole kama anayeonyesha kabati alilonunua safarini.

Hakunipeleka. Mimi ndiye niliyempeleka. Safari ilikuwa yangu, biashara yangu, jasho langu. Yeye alibeba begi lake, na hata hilo alilibeba nusu ya njia. Nimenyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, na sasa naandika, kwa sababu mtu akisimuliwa vibaya kila wiki huishia kufanana na simulizi.

Nilizaliwa Tabora. Baba alipofariki, mama alituchukua mimi na kaka tukaja Maskati. Watu walisema tumerudi, kwa kuwa asili yetu ni huku, ingawa mimi nchi hii nilikuwa sijaiona hata siku moja. Shuleni walikicheka Kiarabu changu. Nyumbani, jamaa zetu wa Unguja walikicheka Kiswahili changu, wakisema nazungumza kama mpanda treni wa bara. Nikasoma. Nina diploma ya mitambo ya kupoza hewa, niliyoipata katika darasa la wanaume, mwanamke mimi peke yangu, na niliwaacha nyuma. Cheti kiko ukutani dukani kwangu, mtaa wa Wattaya, juu ya meza, mahali ambapo mteja hawezi kukikwepa. Wako wanaosema ni majivuno. Ni kweli ni majivuno. Nimeyafanyia kazi.

Nauza kompresa za viyoyozi vya magari, zilizotumika, kutoka Japani. Anayeujua mji huu wakati wa kiangazi atanielewa. Gari lisilopoza ni jiko, na mtu anayepikwa ndani yake hataki maneno, anataka kompresa. Mimi nikiizungusha kwa mkono na kuisikiliza najua kama ina uhai au imebaki ganda. Hakuna mtu Wattaya anayebishana nami kwa hilo.

Kwa miaka mingi mzigo wangu ulipitia kwa dalali wa Dubai, ambaye alijichagulia vizuri na kuniletea alichokikataa. Nikatafuta chanzo. Nikampata mzee mmoja mwenye yadi ya vipuri nje kidogo ya Osaka, na binti mmoja mkalimani wa kututafsiria ujumbe. Mzee akajibu kwa adabu kwamba yeye hamuuzii mtu ambaye hajamtazama usoni. Njoo kwanza, akasema, tuonane. Basi jambo lenyewe lilikuwa hilo tu: akiniamini, nimetoka mikononi mwa dalali, asiponiamini, narudi kula makombo.

Nilipomwambia mama, akaweka kikombe chini.

"Peke yako? Mpaka huko linakochomoza jua?"

"Mama, mimi ni mtu mzima. Nina duka."

"Duka halikulindi njiani. Utakwenda na kaka yako. Nnakwambia hivi roho yangu itulie, sikukatazi."

Kaka, mtumishi wa serikali ambaye kazi yake sijawahi kuielewa na nadhani hata yeye hajaielewa, alikuwa ameshafungua simu kutazama hali ya hewa ya Osaka.

Siku ya kuondoka mama alilifungua begi la kaka akatia kanzu zake mbili zilizopigwa pasi, kilemba, kikopo cha udi, na chetezo kidogo cha umeme. "Msiende kwa watu mkinuka ndege," akasema. Naomba msomaji alikumbuke begi hilo. Lilikuwa la kaka.

Sasa niseme nilichokiona Osaka, maana kaka akisimulia husema tu kwamba watu ni wafupi na chai haina sukari.

Nilichokiona kwanza ni mistari. Kwenye jukwaa la treni wamechora alama chini, na watu wamesimama juu ya alama, mmoja nyuma ya mwenzake, hakuna askari, hakuna kamba, hakuna anayejifanya hajaona. Treni ikasimama pale pale mlango ulipochorewa. Nilitamani kupiga makofi. Maisha yangu yote nimeambiwa mimi ni mgumu, sina mzaha, nataka kila spana kwenye msumari wake. Nikafika kwenye mji wenye watu wengi kuliko nchi nyingine nzima, na wote wakawa kama mimi.

Ndani ya treni palikuwa kimya. Si kimya cha huzuni, ni kimya cha watu wanaoheshimu masikio ya wenzao. Kaka akampigia mama simu ya video.

"Mama, tazama. Behewa zima, hakuna anayesema."

"Kuna msiba?" sauti ya mama ikajaa behewani.

"Sijui. Labda wamefiwa wote."

"Kaka, ipunguze," nikamwambia.

"Wewe nawe. Kwani wanaelewa?"

Hawakuelewa neno, lakini walielewa kila kitu. Bibi mmoja aliyekaa mbele yetu aliinamisha macho, na aibu aliyoistahili kaka ikaja ikakaa usoni kwangu.

Ikawa hivyo kila mahali. Kwenye ngazi za umeme watu wote walisimama kulia ili mwenye haraka apite kushoto. Kaka alisimama kushoto, mikono kiunoni, kama anakagua shamba. Mlango wa teksi ulijifungua wenyewe. Yeye akaushika akaubamiza, na dereva, mzee mwenye glavu nyeupe, akafumba macho kidogo. Mvua iliponyesha, watu waliacha miavuli yao nje ya maduka, kwenye ndoo, bila kufuli, wakaikuta. Kaka akasema, "Hawa wanaibiwa hawajui tu."

Na vyoo. Waliokwenda Ulaya wanaijua dhiki ya kutembea na chupa ya maji kwenye mkoba. Osaka, choo cha stesheni, cha bure, kina maji yake ya vuguvugu, na kiti chake kina joto. Nilitoka pale nikiwa na imani na binadamu. Nilitamani mama aone.

Asubuhi ya kuonana na mzee nilishuka mapema kwenye ukumbi wa hoteli. Nilivaa baibui safi na viatu vya kazi, maana tulikuwa tunakwenda kwenye yadi. Sikujifukiza. Kazi ya gesi na mafuta haitaki harufu. Pua nayo ni chombo. Karani wa mapokezi aliniletea chai, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nimerudia moyoni kila nitakachomwambia mzee.

King'ora kikalia.

Milango ikafunguka, watu wakaanza kushuka kwa ngazi, wazee, watoto, wengine wamevaa majoho ya kulalia ya hoteli, wote kwa safu, hakuna anayesukuma. Tukasimama barabarani. Gari la zimamoto likaja. Na mwisho wa safu, bila haraka, akatoka kaka yangu: kanzu nyeupe pe, kilemba kimefungwa vizuri kuliko siku ya harusi yake, ananukia kama bwana harusi. Harufu ilimtangulia. Nikajua hapo hapo. Alikuwa amekichomeka chetezo kwenye chumba kidogo kuliko bafu la mama, akafunga dirisha, akaitandaza kanzu juu yake, kama tufanyavyo nyumbani.

Na mzee alikuwa ameshafika. Alisimama kando ya barabara na binti mkalimani, ametuona wote: hoteli imemwagika nje, wazimamoto, na Waarabu wawili katikati. Alikuwa mfupi, suruali yake ya kazi ina mstari wa pasi, na kwenye vidole vyake kulikuwa na ule weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote. Ninao huo huo. Nilifurahi kuuona kwa muda kama wa kupepesa jicho.

Meneja wa hoteli akaja na mzimamoto, akauliza kwa Kiingereza cha upole, ni nani aliyewasha kitu katika chumba kile.

Kaka akanitazama. Kisha akanyoosha mkono wake, ule anaoninyooshea kila Ijumaa.

"Ni ndugu yangu," akasema. "Kwetu wanawake ndio wanaofukiza nguo. Aliingia kunifukizia. Hakujua."

Hakujua. Mimi, ambaye nimejaza gesi kwenye mitambo tangu sijaota mvi, sikujua kwamba moshi unaamsha king'ora.

Mtu atauliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza pia, na jibu halinipendezi lakini ni la kweli. Mama alitulea kwamba ndugu ni nguo ya ndugu, humvui mbele ya wageni. Mdomo ulifunguka, na lile funzo likaufunga. Kwa hiyo niliinama. Niliinama mbele ya meneja, mbele ya mzimamoto, mbele ya watoto waliovaa majoho, nikasema samahani kwa kosa ambalo si langu, huku mtu niliyetoka nchi ya mbali kuja kumwonyesha kwamba mimi ni mwangalifu akinitazama. Karani aliyeniletea chai, ambaye aliniona nimekaa mbele yake asubuhi nzima, hakusema neno. Aliinama chini zaidi yangu. Nilidhani ni desturi tu.

Yadini nilifanya kazi yangu. Mzee alinipitisha kwenye rafu, nami nikachukua kompresa moja baada ya nyingine, nikazungusha, nikasikiliza, nikanusa tundu la mafuta, nyingine nikaziweka kando bila maelezo. Aliziokota nilizozikataa, akazizungusha mwenyewe, akaguna kwa kukubali. Kaka alikuwa amekaa kwenye kivuli anaulizia kahawa. Lakini chai ilipokuja, mzee alitoa kadi yake ya biashara, akaishika kwa mikono miwili, akainama, akampa kaka. Akamwita kwa neno ambalo binti alinitafsiria kuwa ni mkurugenzi.

Kaka akaipokea kwa mkono mmoja. Hakuisoma. Kulikuwa na joto, basi akajipepea nayo.

"Mwambie mimi si..." kaka alianza, na kwa pumzi moja nilidhani atasema kweli. "Mwambie mimi si mnywaji wa chai hii, hawana kahawa?"

Tukarudi. Mzigo ukaja, mzuri, na dalali wa Dubai akanipigia kuuliza kama nimefunga duka. Lakini kila ujumbe wa mzee ulimalizika hivi: mfikishie salamu mkurugenzi. Sikuwa na uhakika ananiuzia mimi au anauza kwa yule aliyejipepea kwa kadi yake. Na kaka akaanza simulizi zake za Ijumaa. Kwanza nilikuwa nimesahau chetezo. Baadaye nilikuwa nimeunguza pazia. Baadaye tena hoteli ilitaka kunifukuza na yeye akawaombea radhi. Watu walicheka mpaka machozi. Shangazi alinipiga paja: "Injinia mzima, mwanangu, unashindwa na udi?" Msichana wa Kiganda anayemsaidia mama, tulipokuwa jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, wiki hii magari ya moto yamefika mangapi?" Yeye peke yake ndiye aliyelinganisha masimulizi.

Mama hakucheka, aliendelea kumimina kahawa. Yeye alijua begi lilikuwa la nani.

Msimu wa baridi uliofuata mzee akaandika kwamba anakuja Maskati. Anataka kuona duka kabla ya kuamua nani awe wakala wake wa nchi hii. Kaka alipolisikia jambo hilo akapeleka kanzu kwa dobi. "Mwachie mkurugenzi," akasema, anacheka. Mimi sikucheka. Mzee alifikia hoteli ya Bustan. Nilimfuata mwenyewe asubuhi, yeye na binti mkalimani, nikawaleta moja kwa moja Wattaya. Kaka nilimwambia aje kwa mama saa ya chakula cha mchana.

Mzee alilikagua duka langu kama mimi nilivyoikagua yadi yake. Alisimama mbele ya cheti changu, akamwomba binti amsomee kila neno. Nikawapa kahawa na tende. Na kwa kuwa mgeni hatoki mahali petu bila udi, mwishoni niliwasha kipande, nikampitishia.

Alivua miwani. Akaupeleka moshi usoni kwa kiganja, taratibu, kama mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni. Kisha akasema maneno mengi, na binti akanitazama kabla ya kuyafasiri.

"Anasema mti huu wanao pia. Wanauita kwa jina lao, na mama yake alikuwa akiufukiza siku za kuwakumbuka marehemu. Anasema asubuhi ile, mbele ya hoteli, harufu hii ilikuwa kwa kaka yako. Wewe ulikuwa unanukia sabuni."

"Alijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Basi kwa nini kadi alimpa yeye?"

Binti akauliza. Mzee akajibu kwa maneno machache.

"Anasema ulikuwa umeinama ili umsitiri kaka yako. Haikuwa kazi yake kukufunua."

Huenda mwingine angelia kwa furaha. Mimi nilikasirika. Karani alijua, akainama. Mzee alijua, akainama. Mama alijua, akamimina kahawa. Mimi nilijua, nikainama kuliko wote. Watu wanne wenye adabu, na faida yote ya adabu yetu kaila mmoja asiye nayo. Nilimshukuru mzee kwa sauti niliyoilazimisha, nikazima chetezo.

Mchana tukakaa mkekani kwa mama. Sinia likaja, pweza wa nazi, wali wa bizari, pilipili ya ndimu. Kaka katikati, kanzu inameremeta. Mzee alikula vizuri kwa mkono, akapata sifa. Na kahawa ilipomiminwa, kaka akajiegemeza.

"Mwambie mzee," akamwambia binti, "nilipompeleka huyu kwenu, nusura auchome mji."

"Kaka," nikasema. "Udi uliufukiza wewe."

Sikupaza sauti. Shangazi aliacha kutafuna.

"Nini?"

"Udi ulikuwa begini mwako, chetezo kilikuwa chumbani mwako. Mimi nilikuwa chini nakunywa chai. Ukanisingizia mbele ya wageni, na umenisingizia hapa kila Ijumaa tangu siku hiyo. Mama, begi lilikuwa la nani?"

Mama alikuwa anapanga vikombe. Alivipanga vyote kabla ya kujibu.

"Nilitia katika begi la kaka yako," akasema. "Kuleni halwa."

Kaka akacheka, lakini cheko halikupata wa kulipokea. "Haya, niwe mimi. Jambo dogo hili, bibie. Tulikuwa tunacheka."

"Mlikuwa mnacheka nyinyi."

Mzee akamgusa binti mkononi, akauliza kilichosemwa. Binti akamfasiria, chote, sikumzuia. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kadi, na kaka, kwa mazoea, akanyoosha kiganja. Mzee akapita mbele yake kwa magoti juu ya mkeka, akaja mpaka nilipo, akaishika kadi kwa mikono miwili, akainama.

Niliipokea kwa miwili. Nikaisoma upande huu na upande ule, ingawa herufi zao sizijui, nikaiweka mbele yangu, karibu na kikombe, mahali ambapo kila mtu aliiona mpaka mzee alipoondoka.

Uwakala nimeupata. Lakini msidhani nimepoa. Ijumaa iliyofuata kaka hakuja, na mama akanifuata jikoni.

"Ungemwachia tu, mwanangu. Yeye ana nini kingine cha kusimulia?"

"Na mimi, mama? Mimi nilikuwa na nini?"

Akafungua kabati la vyombo, akachukua sahani, akatoka.

Sasa naondoka tena kwenda Osaka kuchagua mzigo. Jana mama alianza, "Na kaka yako..." nikamwambia tiketi nimekata moja, na kama roho yake haitatulia, basi wakati huu isitulie. Mama aliinuka. Akaleta kikopo cha udi na chetezo, akaviweka mbele yangu, macho chini.

Udi nimeuchukua, umefungwa vizuri, ni zawadi ya kumpelekea mzee. Chetezo nimemrudishia mama ampe kaka, ndiye mwenyewe.